Mafunzo ya uanahabari kwa vijana, Kitale na Bungoma

Katika miji ya Kitale (Kaunti ya Trans Nzoia) na Bungoma (Kaunti ya Bungoma), magharibi mwa Kenya, kuna mafunzo ya uanahabari yanayotolewa nje ya vyuo rasmi na mashirika yasiyotafuta faida, vituo vya redio na vikundi vya kijamii. Walengwa ni vijana waliomaliza kidato cha nne bila karo ya kuendelea, pamoja na wanaoripoti tayari bila kusomea kazi hiyo. Baadhi ya mafunzo huchukua siku chache katika ukumbi wa kukodi, mengine miezi kadhaa.

Chimbuko lake ni umbali. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya (KIMC) ilianzishwa Nairobi mwaka 1961, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua shule yake ya uanahabari mwaka 1970. Kwa mzazi wa eneo la Kwanza au Sirisia, huko kulimaanisha safari ya karibu kilomita 400, kodi ya nyumba na karo, yote yatoke kwenye gunia la mahindi. Vyuo vikuu vilisogea baadaye: Moi kilicho karibu na Eldoret, Masinde Muliro cha Kakamega, kisha Kibabii kilichopata hati yake mwaka 2015 karibu na mji wa Bungoma wenyewe. Vilipunguza safari, karo ikabaki.

Redio ndiyo iliyoongeza haja ya mafunzo. Homa Bay ilipata redio ya kijamii mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, ikafungwa mwaka 1984, na kwa muda mrefu mawimbi yakabaki mikononi mwa serikali. Masafa yalipofunguliwa, eneo hili la Kitale na Bungoma likapata West FM ya Bungoma, Imani Radio ya Kitale, na vituo vya lugha za mama vinavyosikika hadi vijijini, kama Sulwe FM kwa Lubukusu. Ghafla palihitajika watu wanaoweza kusoma taarifa, kuongoza kipindi cha wasikilizaji wanaopiga simu na kuleta sauti kutoka sokoni Chwele. Wengi waliingia studio kwa sababu walikuwa na sauti nzuri na ulimi mwepesi.

Hatari ya ulimi mwepesi ilijulikana upesi. Kuanzia mwaka 2006 kundi lenye silaha la Sabaot Land Defence Force lilivuruga eneo la Mlima Elgon kwa sababu ya mzozo wa ardhi ya mradi wa makazi wa Chebyuk. Machi 2008 jeshi lilianzisha Operesheni Okoa Maisha, na mashirika ya haki za binadamu, likiwemo Human Rights Watch, yakaeleza mateso waliyofanyiwa wanaume waliopelekwa kambi ya Kapkota. Miezi hiyohiyo nchi ilikuwa ikitoka katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, baadaye akashtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, kwa madai ya kutumia redio kuchochea ghasia hizo. Kesi ilisitishwa Aprili 2016 kwa uhaba wa ushahidi, lakini kila mtangazaji wa lugha ya mama alikuwa ameshaelewa kwamba maneno ya hewani yanaweza kumfikisha mtu The Hague.

Tangu hapo somo la kuripoti migogoro limekuwa uti wa mgongo wa mafunzo haya, na pengine ndilo linalofundishwa vizuri kuliko yote. Mwanafunzi anayetoka Kapsokwony au Endebess, kando ya Mlima Elgon, hafundishwi vita kama jambo la kitabuni. Huenda anayehojiwa ni shangazi yake na anayelaumiwa ni jirani. Kuficha jina la shahidi hakutoshi. Ukitaja kanisa lililo karibu na boma, rangi ya bati na idadi ya wana waliouawa, kijiji kizima kimeshamjua. Hufundishwa pia orodha ya maneno ya chuki iliyotolewa na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa Aprili 2022, ambamo limo “madoadoa”, neno la zamani la kuwafukuza watu katika mashamba ya Bonde la Ufa.

Somo jingine lenye sura ya mahali ni la picha. Kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, jamii ya Babukusu huwa na msimu wa tohara. Kijana huzunguka kwa jamaa akigonga njuga za chuma ziitwazo chinyimba, alfajiri hupakwa tope la mtoni, litosi, kisha hukatwa akiwa amesimama uani kwa babake, umati ukimtazama asipepese jicho. Hakuna mhariri wa Nairobi asiyeitaka picha hiyo. Lakini aliyesimama pale mara nyingi ni mtoto, tena uchi. Kanuni za maadili zilizo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zinamlinda mtoto, na Sheria ya Watoto ya 2022 inampa haki ya faragha. Basi mwanafunzi huelekezwa anase nyayo zilizokauka tope, mgongo wa kijana akipanda kutoka mtoni, mikono ya ami wanaomsindikiza, na zaidi ya yote mlio wa chinyimba, ambao kwa redio unatosha wenyewe.

Ugatuzi, ulioanza mwaka 2013, ulileta kazi mpya: kufuatilia fedha za kaunti. Mfano usiokosekana darasani ni ule wa Bungoma wa mwaka 2015, ilipofichuka kwamba kaunti ilinunua wilibaro 10, kila moja kwa Sh109,320. Nchi nzima ilicheka. Kicheko hakina faida kwa mwanafunzi. Yeye huelekezwa kwenye karatasi, yaani ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, stakabadhi za zabuni na bei ya duka la vifaa vya ujenzi mtaani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma iamue ombi la taarifa ndani ya siku 21, na kuandika barua ya namna hiyo, kuipeleka mapokezi na kudai nakala igongwe muhuri ni zoezi lenye thamani kuliko mhadhara wowote kuhusu uhuru wa habari katika kifungu cha 34 cha Katiba.

Kwa vifaa, simu imemaliza karibu kila kitu. Kinachobaki ni kumfundisha mtu aiweke karibu na mdomo wa msemaji na aikinge upepo.

Mashirika yenyewe yamekuwa yakisajiliwa chini ya sheria mbalimbali. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilikaa kabatini zaidi ya miaka kumi kabla ya kuanza kutumika Mei 14, 2024, na vikundi vidogo huangukia Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Udhaifu wao ni uleule wa miradi ya ufadhili: fedha zikikatika, darasa hufungwa.

Lisilotatuliwa na mafunzo ni ujira. Ripota wa mashinani kwa kawaida hana mshahara. Hulipwa kwa kila habari inayotoka, na nauli ya bodaboda hadi Cheptais yaweza kuzidi malipo hayo. Ndipo “nauli” inayotolewa na mwandalizi wa hafla, ile bahasha, inapopata nguvu, na mkufunzi anayeikemea huku akijua hesabu ya mfukoni mwa mwanafunzi wake huwa katika hali ngumu. Wahitimu wengi huchanganya kazi: asubuhi habari, Jumamosi kurekodi harusi na matanga. Wenye kipaji zaidi, waliojifunza kuisoma bajeti ya kaunti mstari kwa mstari, huajiriwa na kitengo cha mawasiliano cha gavana.