Mgeni Nchini Mwake

Zamani Wafaransa walimwita mwenye wazimu aliéné, yaani mtu aliyegeuka mgeni, hata kwa nafsi yake. Lakini nani aliyemgeuza?

Swali hilo lilimsubiri Frantz Fanon katika hospitali ya akili ya Blida-Joinville, Aljeria, alikofika mwaka 1953. Alikuwa daktari kijana, mzaliwa wa Martinique, na Aljeria ilikuwa chini ya Ufaransa. Hata wodini watu walitengwa: Wazungu kwao, Waislamu kwao.

Fanon aliamini kwamba mgonjwa hupona akirudishiwa maisha ya watu. Pamoja na daktari mwanafunzi, Jacques Azoulay, alianzisha sherehe, gazeti na kazi za mikono. Wanawake wa Kizungu wakachangamka. Wanaume Waislamu wakabaki kimya.

Sababu ya kuwalaumu ilikuwepo tayari. Madaktari wa akili waliotamba Algiers walifundisha kwamba Mwafrika wa Kaskazini ana akili duni kwa maumbile. Fanon hakuwalaumu wagonjwa, alijikagua mwenyewe. Sherehe zile zilikuwa za Kizungu. Gazeti lilikuwa karatasi tu kwa wasiojua kusoma. Kusuka vikapu waliona ni kazi ya wanawake. Naye daktari, asiyejua Kiarabu, aliwasikia kupitia mkalimani. Mwaka 1954 yeye na Azoulay walichapisha makala wakikiri kwamba walikosea.

Ndipo ukafunguliwa mkahawa kama ile ya mitaani kwao. Sikukuu za Kiislamu zikasherehekewa, msimulizi wa hadithi akaalikwa. Wagonjwa wakashiriki hata kujenga uwanja wa mpira. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: anayepewa kazi si mgeni tena.

Ila nje ya geti vita vya ukombozi vilikuwa vimeanza. Mwaka 1956 Fanon aliandika barua ya kujiuzulu. Hoja yake ilikuwa hii: kazi ya tiba ya akili ni kumwezesha mtu asijione mgeni mahali anapoishi, lakini Mwarabu wa Aljeria amefanywa mgeni wa kudumu katika nchi yake mwenyewe. Angemponya, kisha amruhusu arudi wapi?

Fanon alifariki Desemba 1961, akiwa na miaka 36. Aljeria ilipata uhuru Julai iliyofuata.