Bwana wa Bracebridge na Mwizi wa Kondoo

Mwaka 1822 kilitokea kitabu kiitwacho Bracebridge Hall. Kinasimulia maisha ya Uingereza, lakini aliyekiandika hakuwa Mwingereza. Alikuwa Mwamerika, Washington Irving, aliyezaliwa New York mwaka 1783. Alivuka bahari mwaka 1815, akajikuta katika taabu za biashara ya ndugu zake. Mwaka 1818 biashara hiyo ilifilisika. Ndipo Irving alipoitegemea kalamu yake ili apate riziki.

Kitabu hicho si hadithi moja ndefu. Mwandishi ni mgeni katika nyumba kubwa ya ukoo wa zamani, huko mashambani. Watu wamekusanyika kungojea arusi, naye anatuonyesha tabia zao mmoja mmoja. Kwanza ni Bwana mwenyewe, mzee mwema, apendaye mno desturi za babu zake. Yuko Master Simon, jamaa yake asiye na mke, ambaye hakuna shughuli ya nyumba asiyoiingilia. Yuko Ready-Money Jack, mkulima mwenye shamba lake mwenyewe. Jina lake lamaanisha kwamba hulipa taslimu, papo hapo. Yuko na Bwana Faddy, tajiri wa kiwanda aliyehamia kijijini, ambaye michezo ya kale yamchukiza.

Mambo hayo yachekesha. Lakini ndani yake mna jambo moja zito. Starlight Tom, Mjipsi, anakamatwa kwa wizi wa kondoo. Analetwa mbele ya Bwana, kwa maana siku zile wenye mashamba makubwa ndio waliokuwa waamuzi wa vijiji. Mzee anafadhaika sana. Mwizi anafungiwa chumbani hadi kesho. Kumbe, asubuhi ametoroka! Wala hatumwoni Bwana akisikitika.

Kwa nini mwamuzi afadhaike kwa ajili ya mwizi? Mwaka ule sheria ya Uingereza iliruhusu mwizi wa kondoo anyongwe. Adhabu hiyo ya kifo iliondolewa mwaka 1832 tu. Basi Bwana alikuwa na roho ya mtu mkononi mwake, na bei yake ilikuwa kondoo.

Twaweza kumsifu mzee kwa moyo wake. Lakini tutazame vizuri. Mwizi alipona kwa bahati. Na sheria mbaya ilibaki vilevile, ikimngojea maskini mwingine, mbele ya mwamuzi mwingine asiye na huruma. Na waamuzi wa namna hiyo walikuwako. Mwaka 1819, huko Manchester, watu wengi walikutana kudai haki ya kuchagua wajumbe wa Bunge. Waamuzi walituma askari wa farasi juu yao. Watu zaidi ya kumi walikufa, na mamia waliumizwa.

Hayo Irving hakuyaweka katika nyumba yake ya Bracebridge. Yeye alitaka kutuonyesha uzuri wa zamani, na kweli uzuri ulikuwako: ukarimu, sikukuu, mkubwa na mdogo kujuana kwa jina. Lakini wema wa mkubwa mmoja hautoshi. Siku ile mzee anapokufa, wema wake wafuata jeneza, na sheria yabaki. Mkristo mwenye mamlaka asifurahi tu kwamba mfungwa ametoroka. Afanye kazi ili sheria yenyewe iwe ya haki.