Iwanza, Madrasa ya Wanyamwezi

Kabla ya reli kupita Usoke, katika nchi ya Wanyamwezi, ikafika Kigoma mwaka 1914, watoto wa Kinyamwezi walikuwa na madrasa yao, nayo ni iwanza, ile nyumba ya baraza ya kijiji ambayo msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeingia Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, aliieleza kwa tafsili: zilikuwa mbili, moja ya wanaume, na ya pili ya wanawake, ambayo mgeni hakuruhusiwa kuingia. Burton, kwa kiburi cha zama zake, aliona humo uvivu na moshi wa tumbaku. Wala sistaajabu, maana mwenye haraka ya kufika Ziwa Tanganyika hana wasaa wa kumsikiliza babu akisimulia. Kumbe hapo kando ya moto wa iwanza ndipo mjukuu alipojifunza nasaba yake, miti ya miombo na manufaa yake, majira ya kurina asali, na kwamba ardhi ni amana ya wahenga, ambao hukumbukwa kwa unga na maji. Kisha, angali mdogo, alitwishwa kipembe cha ndovu begani, akafuata msafara wa wakubwa kuelekea pwani.