Kozi wa Pangti, Ngitili za Simiyu

Kila ninapofundisha historia ya uhifadhi, miaka miwili hunirudia akilini: 1962 na 2012. Miaka hiyo inakutanisha sehemu mbili ambazo hazijawahi kusikiana, yaani Mkoa wetu wa Simiyu na kijiji cha Pangti katika jimbo la Nagaland, kaskazini mashariki mwa India. Kiungo chao ni ndege mdogo, kozi wa Amur, ambaye uzito wake haufiki gramu 200.

Aliyenisukuma kuandika ni mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Itilima. Baada ya kipindi alinifuata mlangoni akaniuliza: "Mwalimu, kwa nini kwetu likitajwa neno hifadhi wazee hunyamaza?" Sikuwa na jibu fupi. Makala haya ndiyo jibu refu.

Tuanze na ndege mwenyewe. Kozi wa Amur huzaliana Siberia ya mashariki, Mongolia na kaskazini mwa China. Baridi inapokaribia huanza safari ya kwenda kusini mwa Afrika. Mwezi Oktoba hutua kwa wingi kaskazini mashariki mwa India, wakajishibisha kwa wadudu. Kisha huvuka India na Bahari ya Arabia, zaidi ya kilomita 3,000 za maji bila mahali pa kutua, wakaingia Afrika kupitia Somalia. Kati ya Novemba na Desemba hupita Kenya na Tanzania wakifuatana na mvua, kwa sababu mvua huwatoa kumbikumbi ardhini, na kumbikumbi ndio riziki ya msafiri huyu. Mkulima anayepanda pamba yake siku hizo huenda akaona kundi likizunguka juu ya shamba asijue kwamba wageni hao wametoka upande wa pili wa Asia.

Sasa turudi mwaka 2012. Mwezi Machi mwaka huo Serikali ilianzisha rasmi Mkoa wa Simiyu, makao makuu yakiwa Bariadi. Wilaya zake ni tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Miezi michache baadaye, huko Pangti, wanakijiji walitandaza nyavu za kuvulia samaki kwenye miti iliyo kando ya bwawa la Doyang. Kozi walipokuja kulala jioni walinasa kwa maelfu. Wanaharakati waliofika hapo walikadiria kwamba katika msimu mmoja waliuawa kati ya ndege 120,000 na 140,000. Picha za ndege waliofungwa mafungu kama kuku wa gulio zilienea duniani.

Ni rahisi kuwaita watu wale makatili na kufunga mjadala. Mwanahistoria hana ruhusa hiyo. Bwawa la Doyang lilijengwa kwa ajili ya umeme, likaanza kazi mwaka 2000, na maji yake yalifunika mashamba ya watu wa Pangti. Waliopoteza mashamba waligeukia uvuvi, lakini uvuvi haukuwatosha. Mabadiliko yale yale yaliyowanyima ardhi yaliwaletea ndege, kwa kuwa kozi walipapenda mahali pale. Nyavu zilikuwa tayari mikononi, na njaa ilikuwa tayari nyumbani.

Lililotokea mwaka uliofuata ndilo linalotuhusu zaidi. Msimu wa 2013 haikuripotiwa Pangti kuua hata kozi mmoja. Baraza la kijiji lilipiga marufuku uwindaji na kuweka faini. Makanisa yalihubiri. Wanaharakati, akiwamo mwandishi wa habari Bano Haralu, walikaa na wanakijiji na kuwafundisha watoto wao. Serikali nayo ilibana kwa upande wake. Waliokuwa wawindaji waliunda umoja wa kulinda eneo ambalo ndege hulala. Mwezi Novemba mwaka huo wataalamu waliwafunga kozi watatu vifaa vya setilaiti, wakawaita Naga, Wokha na Pangti, na dunia ikawafuatilia mpaka Afrika. Wageni wakaanza kuja kuwaona ndege, wakilala katika nyumba za wanakijiji na kuongozwa na watu wale wale waliokuwa wakitega nyavu.

Kwa nini iliwezekana kwa haraka namna ile? Hapa ndipo mwaka 1962 unapoingia. Mwaka huo Bunge la India lilipitisha marekebisho ya Katiba yaliyozaa Ibara ya 371A, inayolinda mila za Wanaga pamoja na umiliki wao wa ardhi na rasilimali zake. Miti waliyolala kozi ilisimama katika ardhi ya watu wa Pangti. Ili nyavu zishuke, watu hao walipaswa kukubali, na walipokubali hakukuhitajika jeshi la askari kusimamia uamuzi wao.

Tusiipambe hadithi kupita kiasi. Ibara hiyo ilikuwapo pia mwaka 2012, nyavu zilipokuwa mitini. Haki ya kumiliki haikuwazuia kuua, iliwawezesha kuacha. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno, ila ina uzito mkubwa kwa yeyote anayetunga sera.

Mwaka huo huo wa 1962, kwetu, Pori la Akiba Maswa lilitangazwa katika ardhi inayopakana na Serengeti upande wa kusini magharibi. Serengeti yenyewe ilikuwa Hifadhi ya Taifa tangu 1951, na mwaka 1959 wafugaji wa Kimaasai waliondolewa ndani yake. Basi mwaka ambao watu wa Nagaland waliandikiwa kikatiba kwamba ardhi ni yao, Wasukuma wa upande wa Maswa walichorewa mstari na kuambiwa kwamba ng'ambo yake si kwao. Mipaka ya pori hilo ilibadilishwa zaidi ya mara moja baadaye, na ugomvi wa mifugo na mashamba kando yake haujaisha.

Mstari huo ulikuwa na historia. Mwaka 1922 malale ya kuua haraka yaligunduliwa Maswa. Utawala wa Waingereza ulianza kuwahamisha watu kutoka kwenye vichaka vyenye mbung'o na kuwakusanya katika makazi yaliyopangwa. Palipohamwa pakamea pori, na pori likaingiwa na wanyama. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu udhibiti wa mazingira katika historia ya Afrika Mashariki, alionyesha jinsi nyika nyingi tunazodhani ni za asili zilivyotokana na maradhi, vita na amri za wakoloni. Mtoto wa Itilima anapoambiwa kwamba babu yake alivamia pori, ana haki ya kuuliza ni nani aliyemvamia mwenzake kwanza.

Hilo ni jibu la kwanza la swali la mwanafunzi wangu. Wazee hunyamaza kwa sababu katika masikio yao neno hifadhi lina maana ya kuondoshwa.

Lakini Usukuma una neno lake jingine, nalo ni ngitili. Ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili majani yakue, kisha likafunguliwa kiangazi kikikaza. Kuna ngitili za kaya na ngitili za jamii. Operesheni Vijiji, iliyofika kilele katikati ya miaka ya 1970, iliwahamisha watu mbali na maeneo hayo, na nyingi zikafa. Ufyekaji wa miti kwa ajili ya kuua mbung'o na kupanua mashamba ya pamba ulikuwa umekwisha kuiacha nchi uchi. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wakati ambapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Busara ya mradi huo ni kwamba haukuleta jambo jipya. Uliwauliza watu wanachokijua, ukafufua ngitili. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa miti na majani, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Niliwahi kusimama kando ya ngitili moja katika Wilaya ya Bariadi pamoja na mzee mwenye nayo. Nikamwuliza anawalipa walinzi wangapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anamlipa nani kulinda kitanda chake. "Mwalimu," akasema, "hapa pana mwenyewe." Kisha akanionyesha mgunga mkubwa na kuniambia kwamba mvua za kwanza zikinyesha huja vipanga wadogo wengi wakala kumbikumbi, wakalala mtini usiku mmoja au miwili, wakaondoka. Sikuwaona, kwa hiyo sitadai kwamba walikuwa kozi wa Amur. Nilichokiona ni mti ambao haujakatwa.

Haya yana maana gani kwa utalii? Siku hizi kila mkoa unatafuta kivutio, na Simiyu inatazama Serengeti kwa matumaini. Katika kituo cha Lamadi utayaona magari ya wageni yakielekea lango la Ndabaka huku vijana wetu wakiyatazama kutoka kando ya barabara. Ndege wahamao wanaweza kuleta utalii wa namna nyingine, kwa sababu hawaujui mpaka wa hifadhi. Hutua penye wadudu na miti, na mara nyingi mahali hapo ni shamba au ngitili ya mtu. Mgeni anayetaka kuwaona atalazimika kupiga hodi kijijini.

Lakini hodi hiyo iwe na masharti. Kwanza, tusiuze tusichonacho. Simiyu haina Doyang. Ndege hawa hufuata mvua, na mwaka huu wanaweza kutua Meatu na mwaka ujao wasionekane. Atakayewaahidi wageni makundi makubwa kwa tarehe maalumu atakuwa ameuza upepo. Pili, mahali wanapolala pasisogelewe jioni wala alfajiri kwa taa, kelele, ndege zisizo na rubani au magari yanayounguruma. Ndege anayefukuzwa mtini usiku hupoteza nguvu alizoziweka akiba kwa safari. Tatu, Novemba ni wakati wa kupanda, na mgeni anayekanyaga matuta ya mkulima ili apige picha hajali mazingira, hata akiwa na darubini ya bei kubwa. Nne, ada ya kijiji ikatiwe stakabadhi na mapato yake yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma nina neno la ziada. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inawaweka wanyamapori chini ya udhamini wa Rais kwa niaba ya umma. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ilifungua mlango wa jumuiya za vijiji kusimamia wanyamapori, na huko Meatu tunayo jumuiya ya Makao. Ni hatua, ila kijiji bado huingia mlango huo kama mpangaji, kwa kanuni zilizoandikwa mbali naye. Hata hivyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, na vijiji vina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Hatuhitaji kusubiri Ibara ya 371A ili kijiji kiamue kwamba mti fulani haukatwi na kwamba mgeni hupita ofisini kwanza.

Na maofisa kilimo, ninyi mnaojua vita vyetu na kwelea kwelea: dawa ya fenthion inayonyunyizwa kwenye makundi ya kwelea huwaua pia ndege wawindaji wanaokula mizoga yao. Mkulima wa mtama ana haki ya kuokoa mazao yake. Lakini haifai ofisi moja ialike wageni kuwaona kozi wakati ofisi ya pili inanyunyiza sumu bila kuwauliza wanakijiji ni ndege gani wengine wanalala hapo. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe wahamao. Utekelezaji wake unaweza kuanzia kwenye simu moja kati ya ofisi hizo mbili.

Ninyi wanafunzi, mvua za kwanza zikinyesha nendeni vijijini kwenu na daftari. Andikeni tarehe, mti, idadi ya ndege na jina la mwenye shamba, kwa idhini yake. Waulizeni wazee kuhusu ngitili kabla ya kuwauliza kuhusu hifadhi. Nadhani mtaona wanaanza kusema.