Kumbukumbu za uzazi na vifo, Kericho na Bomet

Rejista za serikali zinazotumiwa kufuatilia nasaba katika nchi ya chai, magharibi mwa Kenya. Uandikishaji ulianza mwaka 1904 kwa Wazungu, ukafuata wa Waasia mwaka 1906. Waafrika waliingizwa wilaya baada ya wilaya, na sheria ya uandikishaji ikaenea nchi nzima mwaka 1971 tu. Kwa hiyo mzee wa Kipsigis, Wakalenjin wa eneo hili, aliyezaliwa zamani huenda asipatikane humo kabisa. Bomet ilitengwa na Kericho mwaka 1992, hivyo kumbukumbu za kabla ya hapo hutafutwa Kericho. Uzazi wa nyumbani na vifo vya kijijini huandikishwa kupitia naibu wa chifu.

Mtego mkubwa ni jina. “Arap” maana yake ni mwana wa, na jina linalofuata hubadilika kila kizazi: Rais wa zamani Daniel arap Moi, Mkalenjin wa Watugen, alikuwa mwana wa Kimoi arap Chebii. Anayefuata jina la mwisho kana kwamba ni la ukoo atapotea mapema. Ukoo wenyewe, yaani oret, hujulikana kwa kuwauliza wazee.