Shahidi wa Myall Creek

Jioni ya Jumapili, Juni 10, 1838, wapanda farasi 11 wenye bunduki na panga waliingia katika ranchi ya Henry Dangar pale Myall Creek, kaskazini mwa koloni la Uingereza la New South Wales, Australia. Wawirrayaraay, Waaborijini wenyeji wa eneo hilo, walikuwa wamepiga kambi hapo kwa majuma kadhaa, kwa amani, karibu na vibanda vya wachunga ng'ombe. Vijana wao walikuwa wamekwenda ranchi jirani kubandua magome ya miti. Kambini walibaki hasa wazee, wanawake na watoto.

Walipoona farasi, walikimbilia kibanda cha George Anderson, mfungwa aliyeletwa kutoka Uingereza na kuwekwa hapo kutunza kibanda. Hakikuwaokoa. Walifungwa kwenye kamba moja ndefu, wakaswagwa nje huku wakilia. Charles Kilmeister, mchunga ng'ombe wa hapohapo aliyewakaribisha, akajiunga na wauaji. Anderson alikataa. Watu wapatao 28 wakauawa, wengi kwa panga, kisha miili ikachomwa.

Mauaji ya namna hii hayakuwa mageni. Walowezi walisonga mbele wakifuata malisho. Wenyeji wakanyimwa maji na mawindo yao. Ng'ombe mmoja akichomwa mkuki, ukoo mzima ulilipizwa. Safari hii tu msimamizi wa ranchi, William Hobbs, aliporudi alitoa taarifa. Gavana George Gipps akamtuma hakimu Edward Denny Day, naye akakamata watu 11, wote wafungwa au waliowahi kuwa wafungwa.

Katika kesi ya kwanza, mwezi Novemba, baraza la mahakama liliwaachia huru baada ya mashauriano ya dakika chache tu. Mwanasheria Mkuu John Hubert Plunkett hakukubali. Aliwashtaki upya saba kwa kumuua mtoto, na Anderson, mtu asiye na mali wala mtetezi, akasimama tena mbele ya koloni lililomchukia, akasema aliyoyaona. Jina lake lastahili kukumbukwa. Davey, mchunga ng'ombe Mwaborijini wa ranchi hiyo, hakuruhusiwa kutoa ushahidi, kwa kuwa sheria haikukubali kiapo cha asiye Mkristo.

Saba hao walipatikana na hatia, wakanyongwa Desemba 18, 1838. Walowezi walikasirika, na tangu hapo mauaji yalifanywa kwa siri zaidi, kwa miongo mingi. John Fleming, kiongozi wa kundi na mzaliwa huru pekee miongoni mwao, alitoroka. Hakushtakiwa kamwe, na baadaye alifanywa mlezi wa kanisa.