Huru, Bure na Kompaila Mbili

Kiswahili kina bahati ya kutenganisha "huru" na "bure", dhana mbili ambazo Kiingereza huzibebesha neno moja. Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU nchini Marekani mwaka 1983, alijitwisha kazi isiyokwisha ya kueleza kwamba alidai uhuru, wala hakuzungumzia bei. Kompaila yake GCC, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwanaprogramu kuwa lugha ya mashine, ilitoka mwaka 1987 kwa sharti kwamba anayeirekebisha na kuisambaza atoe pia msimbo wake. Sharti hilo lilikuwa na meno: kampuni ya NeXT ilitaka kuificha sehemu yake ya lugha ya Objective-C, lakini hatimaye ikalazimika kuitoa hadharani.

Stallman alihofu kuwa GCC ikigawanyika vipande, kampuni zingeviunganisha na programu zao za siri. Ulinzi huo ulikuwa na gharama. LLVM, iliyoanza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois, ilijengwa vipande vipande, kwa leseni isiyodai kurejeshewa msimbo. Mwaka 2005 mwasisi wake, Chris Lattner, alipendekeza iunganishwe na GCC. Stallman alikuja kusema mwaka 2015 kwamba hakuwa ameliona pendekezo hilo. Apple, iliyomwajiri Lattner mwaka huohuo wa 2005, iliufungua msimbo wa Clang mwaka 2007. FreeBSD ikaifuata Clang katika toleo la 10, mwaka 2014. GCC nayo ilikwisha kulegea kidogo: tangu mwaka 2010 inapokea programu-jalizi, mradi zitangaze kwamba leseni zake zinaafikiana na ya GNU.